Kabla ya kumwita mchafu, mwangalie mgongo

Wakaaji wa Lubumbashi, kuna watu katika komine zetu wanaotembea na kitambaa ndani ya suruali na hakuna anayejua. Si watoto. Ni watu wazima wa miaka ishirini na tano, thelathini, arobaini. Wanaumwa mgongo chini kabisa, na maumivu yanashuka mpaka makalioni na miguuni. Mguu mmoja unapungua nguvu na kuwa mwembamba kuliko mwingine. Mkojo unawatoka kabla ya kufika chooni, au siku nyingine unakataa kutoka. Walishapita kwa munganga, kwa mufumu na kwa mchungaji. Walishapewa dawa za mkojo, dawa za magonjwa ya zinaa, dawa za rumatisma, na maombi ya siku tatu kwa kufunga. Lakini ni wachache sana walioambiwa maneno haya mepesi: vua shati, geuka, nione mgongo wako.

Nimefanya kazi ya redio miaka ya kutosha kujua kwamba ugonjwa usio na jina hauna mgonjwa. Watu hawapigi simu kwenye kipindi kuuliza juu ya kitu wasichojua namna ya kukiita. Kwa hiyo leo nataka tukipe jina. Kwa Kifaransa waganga wanasema "moelle attachée". Mimi nitasema kamba ya mgongo iliyofungwa. Halafu nataka kusema wazi maoni yangu: katika mji huu unaolisha dunia kwa shaba na kobalti, si haki mtu apoteze miguu, figo na ndoa yake kwa sababu hakuna aliyeangalia mgongo wake, na kwa sababu picha inayoonyesha ugonjwa wake inauzwa kwa bei isiyo ya mtu wa Katuba.

Ni ugonjwa gani huu?

Ndani ya mifupa ya mgongo kuna kamba laini ya neva. Inatoka kwenye ubongo na kushuka, na ndiyo inayopeleka amri kwenye miguu, kibofu cha mkojo na njia ya choo kikubwa. Mtoto akiwa bado mchanga sana tumboni, kamba hiyo inajaza mgongo wote mpaka chini. Baadaye mifupa inakua haraka kuliko kamba, na ncha ya kamba inabaki juu. Kwa mtu mzima mwenye afya, inaishia karibu na mfupa wa kwanza au wa pili wa kiuno. Chini ya hapo kuna uzi mwembamba tu, wenye kunyumbulika, unaoishikilia kama vile mpira unavyoshikilia soksi.

Kwa watu wengine uzi huo umezaliwa mnene, mgumu, umejaa mafuta. Kwa wengine kuna bonge la mafuta lililoshikamana na kamba. Kwa wengine tena, wale waliozaliwa na mgongo wazi na wakafanyiwa operesheni ya kuufunga wakiwa wachanga, kovu la zamani limeishika kamba. Matokeo ni yale yale: kamba inavutwa chini kila mtu anapokua, anapoinama, anapobeba mzigo. Ikivutwa hivyo, damu na hewa safi havifiki vizuri ndani yake, na neva zinaanza kuchoka. Si kwa siku moja. Ni polepole, mwaka baada ya mwaka.

Ndiyo maana mtu anaweza kufika miaka thelathini bila shida kubwa, halafu mwili unageuka. Mwaka 1982 waganga wawili wa Marekani, Dachling Pang na James Wilberger, waliandika juu ya watu wazima 23 wenye ugonjwa huu. Wakati ule wengi waliamini kwamba ni ugonjwa wa watoto peke yao. Walionyesha kwamba kwa mtu mzima dalili kubwa mara nyingi ni maumivu, na kwamba kwa wengi mambo yalianza baada ya tukio la kuukunja au kuunyoosha mgongo sana: kuanguka, kuinama kwa nguvu, au mama kulala miguu juu wakati wa kuzaa.

Sasa fikiria kazi za mji wetu. Kijana wa pusi-pusi anayesukuma mifuko ya unga kutoka soko la Kenya. Mchimbaji wa mikono anayeinama siku nzima karierini. Mama anayebeba beseni kichwani na mtoto mgongoni. Kila mmoja wao ataumwa mgongo, na wengi kati yao hawana ugonjwa huu. Lakini yule mwenye nao atapotea katikati ya wale wengine, kwa sababu kila mtu atamwambia ni kazi tu, pumzika, jipake pomada.

Alama iko nje

Jambo linaloniumiza ni kwamba mara nyingi mwili wenyewe unatoa taarifa mapema. Kwenye mgongo wa chini, juu ya mpasuko wa makalio, panaweza kuwa na fungu la nywele, uvimbe laini wa mafuta, kishimo kirefu, doa jekundu, au kipande cha ngozi kama mkia mdogo. Wazazi wanakiona siku mtoto anapooshwa mara ya kwanza. Bibi anasema ni alama ya ukoo. Wengine wanaogopa na kunyamaza, maana wanajua majirani watasema nini. Mtoto anafundishwa kuvaa shati refu, anaoga peke yake, na ile alama inakuwa siri ya familia.

Tusizidishe. Kishimo kidogo kilicho chini kabisa, karibu na mpasuko wenyewe, watoto wengi wanacho na hakina neno. Na mtu anaweza kuwa na kamba iliyofungwa bila alama yoyote kwenye ngozi. Lakini alama ya juu ya mpasuko, pamoja na mguu mmoja mdogo, nyayo iliyojikunja, maumivu yanayozidi mtu akiinama, na mkojo usiotii, hiyo ni habari nzito. Munganga akiipata habari hiyo na asiifuate, amemwacha mgonjwa njiani.

Kuna kijana mmoja aliyeniruhusu niseme habari yake bila jina. Alifukuzwa kwenye nyumba ya kupanga kwa sababu godoro lake lilinuka. Mwenye nyumba alimwambia ni mlevi. Kijana hajawahi kunywa hata Simba moja. Kwa miaka sita alikuwa akipewa antibiotiki kila mkojo ulipomchoma, anapona wiki mbili, halafu anarudi. Kilichombadilishia maisha hakikuwa mashine. Ni muuguzi mmoja aliyemwambia alale kifudifudi ili amchome sindano, akaona fungu la nywele mgongoni, akauliza: "Hili ulizaliwa nalo?" Swali moja, tena la bure. Miaka sita ilikuwa imeshapita.

Wamama wako katika hatari mara mbili

Nataka kuongea na wamama na wakunga kwa upekee.

Mama akianza kuvuja mkojo baada ya kuzaa, leo watu wengi wa Congo wanajua neno fistula. Wanalijua kwa sababu limesemwa redioni na kanisani, kwa sababu kazi ya munganga Denis Mukwege kule Panzi, Bukavu, imelifikisha duniani kote, na kwa sababu kila tarehe 23 Mei kuna siku ya kulikumbuka. Hiyo ni kazi nzuri. Inaonyesha kwamba aibu inapungua pale ugonjwa unapopewa jina. Lakini si kila mama anayevuja ana tundu. Kama waganga wametafuta fistula na hawakuiona, na mama anaumwa mgongo na miguu imekuwa mizito, asirudishwe nyumbani na maneno ya "haiko kitu". Neva za kibofu nazo zinaweza kuwa zimeumia.

Hatari ya pili haisemwi kabisa. Siku hizi operesheni nyingi za kuzalisha zinafanywa kwa sindano ya mgongo, ile inayokufisha ganzi kutoka kiunoni kwenda chini. Sindano hiyo inachomwa chini ya mahali kamba ya neva inapoishia kwa watu wa kawaida. Kwa mtu mwenye kamba iliyofungwa, kamba imeshuka mpaka pale pale inapoingia sindano. Inaweza kuchomwa na kuumia. Kwa hiyo mama mwenye alama mgongoni, au kovu la operesheni ya utotoni, aseme kwa anayemlaza kabla ya sindano, hata kama hakuulizwa. Na anayemlaza asisubiri kuambiwa. Mgongo uko mbele ya macho yake. Auangalie vizuri kabla ya kuupaka dawa.

Kutambua: kwa nini kuchelewa kunagharimu

Hapa tunafika kwenye makuta.

Mtoto akiwa na alama mgongoni, katika miezi yake ya kwanza, ekografi ya kawaida inaweza kuonyesha kamba inaishia wapi, maana mifupa yake bado haijakomaa. Mashine za ekografi ziko katika sentre nyingi za mji huu. Kila mama mjamzito anazijua. Miezi hiyo ikipita, mifupa inakuwa migumu na mlango huo unafungwa. Picha ya kawaida ya mifupa inaweza kuonyesha mfupa usiofunga, lakini haionyeshi kamba. Skana inasaidia kidogo. Kinachoonyesha kamba waziwazi kwa mtu mzima ni IRM ya mgongo.

Maana yake ni hii: kile ambacho kingeonekana kwa ekografi ya bei ndogo wiki ya kwanza ya maisha, miaka thelathini baadaye kinahitaji mashine ghali kuliko zote hospitalini. Na mwenye kulipa ni yule yule kijana wa pusi-pusi. Katika nchi yetu mgonjwa analipa kwanza, halafu anapigwa picha. Familia inauza kiwanja, inakopa kwenye likelemba, au inaacha.

Picha peke yake haitoshi. Munganga anatakiwa apime nguvu za miguu, ahisi kama ngozi ya sehemu za siri na makalio ina ganzi, na ajue kibofu kinabakiza mkojo kiasi gani baada ya mtu kukojoa. Kipimo hicho cha mwisho kinafanywa kwa ekografi ile ile. Na ni lazima aondoe magonjwa mengine yanayofanana, hasa kifua kikuu cha mifupa ya mgongo, ambacho kwetu si kigeni na kinatibika kwa dawa, na gegedu za mgongo zilizotoka mahali pake. Mtu asitoke kwenye makala hii akasema kila mwenye kuumwa mgongo ana kamba iliyofungwa. Ninachosema ni kwamba liwe kwenye orodha ya maswali.

Jambo moja la haraka, lishikeni: mtu akipata ganzi ghafla kati ya miguu, au mkojo ukafunga kabisa, au miguu ikalegea ndani ya siku chache, hiyo ni ya hospitali siku hiyo hiyo. Haingoji Jumatatu.

Operesheni inaweza nini, na haiwezi nini

Tiba ya ugonjwa huu wenye dalili ni operesheni. Munganga wa neva anafungua mfupa kidogo, anakata ule uzi mgumu au kuachanisha kovu na mafuta, ili kamba iache kuvutwa. Kama ni uzi peke yake, kazi ni nyepesi kiasi. Kama ni bonge la mafuta au kovu la mgongo wazi, kazi ni ngumu, inachukua saa nyingi, na inatakiwa mashine ya umeme mdogo ya kutambua neva ipi ni hai kabla ya kukata.

Tuseme ukweli kwa wagonjwa, maana wameshadanganywa vya kutosha. Maumivu ndiyo yanayopungua zaidi baada ya operesheni. Nguvu za miguu zinarudi kwa wengine, kwa wengine zinasimama pale zilipofikia. Mkojo ndio mkaidi kuliko vyote. Ukiwa umeharibika miaka mingi, mara nyingi haurudi kamili. Kuna hatari pia: maji ya uti wa mgongo kuvuja kwenye kidonda, maambukizi, kovu kushika tena, na wachache wanatoka wakiwa na udhaifu kuliko walivyoingia. Na kwa mtu mzima ambaye picha imeonyesha kamba iko chini lakini hana dalili yoyote, waganga wenyewe hawakubaliani. Wengi wanachagua kumfuatilia bila kumpasua.

Ndiyo sababu muda ni kila kitu. Operesheni inazuia kuharibika zaidi kuliko inavyorudisha kilichokwisha kuharibika. Anayefika mapema anaokoa kibofu. Anayefika baada ya miaka kumi anaokoa maumivu.

Na hata huyo wa miaka kumi asiachwe. Mkojo unaobaki kibofuni unarudi nyuma na kuua figo, na hapa kwetu figo zikifa, dialisi ni mlima mwingine. Tangu mwaka 1972, baada ya kazi ya munganga Jack Lapides wa Marekani, dunia inajua njia rahisi: mgonjwa anafundishwa kuingiza mwenyewe mpira mwembamba safi mara nne au tano kwa siku, anatoa mkojo, anaendelea na kazi. Mikono iliyooshwa kwa maji na sabuni inatosha. Njia hii haihitaji operesheni wala IRM. Inahitaji muuguzi mwenye subira ya kufundisha, na mipira inayopatikana bila shida. Kijana niliyemtaja hapo juu anafanya hivyo sasa. Halowani tena. Amepanga nyumba nyingine.

Kwa nini Lubumbashi hasa

Wengine wataniambia: ndugu mwandishi, mji una malaria, una surua, una kipindupindu kila mvua zikianza, wewe unaleta ugonjwa wa wachache. Ni neno la haki, na nataka kulijibu.

Kwanza, huu ni mji wa madini, na madini hayapiti bila kuacha kitu. Mwaka 2009, munganga Célestin Banza wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzake wa hapa na wa Leuven, Ubelgiji, walionyesha kwamba wakaaji wa karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana kobalti na metali nyingine nyingi mno ndani ya mikojo yao. Mwaka 2020, utafiti mwingine wa watu wa Lubumbashi na Leuven ulitoka katika jarida la The Lancet Planetary Health. Walilinganisha watoto 138 waliozaliwa na kasoro za kuonekana katika maternite za mji huu na watoto 108 wasio na kasoro. Nafasi ya kuwa na kasoro ilikuwa zaidi ya mara tano kwa watoto ambao baba yao alifanya kazi inayohusiana na madini. Mgongo wazi ni mmoja wa ulemavu wa aina hiyo. Utafiti huo hausemi kwamba madini ndiyo yaliyomfunga kamba fulani au fulani, na mimi sitasema hivyo. Lakini unatosha kuufanya mji huu uangalie migongo ya watoto wake kuliko miji mingine.

Pili, watoto wa mgongo wazi wanakua. Kule Mbale, Uganda, hospitali ya CURE imekuwa ikiwafanyia operesheni watoto wa mgongo wazi na wa vichwa vya maji tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ng'ambo ya Kasumbalesa, Lusaka, kuna hospitali nyingine ya CURE, na familia nyingi za Katanga zinajua barabara ya kwenda kutibiwa Zambia. Sifa kwao. Lakini hizo ni hospitali za watoto. Mtoto aliyefungwa mgongo mwaka 2001 leo ana zaidi ya miaka ishirini, ni mtu mzima, na kovu lake linaweza kushika kamba tena. Nani anamfuatilia? Tumeshangilia kwamba ameishi, kisha tumemwacha kwenye kizingiti cha utu uzima.

Tatu, IRM si mashine ya ugonjwa mmoja. Aliyeanguka kutoka juu ya lori la Likasi anaihitaji. Mwenye kifua kikuu cha mgongo anaihitaji. Aliyepooza upande mmoja, mwenye uvimbe kichwani, wote wanaihitaji. Ninapoomba IRM ya umma yenye bei ya umma, siombei wachache.

Feza iko wapi?

Hatuwezi kusema hakuna. Sheria mpya ya madini ya mwaka 2018 inasema kampuni ya madini itoe angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii inayoizunguka. Sheria hiyo hiyo inagawa ushuru wa madini: asilimia 50 kwa serikali ya kati, 25 kwa jimbo, 15 kwa eneo mgodi ulipo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Kila mwaka tunaona mbao za miradi: shule imepakwa rangi, kisima kimechimbwa, kituo cha afya kimejengwa na ndani hakuna kitu. Sikatai visima. Ninauliza tu: asilimia 25 ya jimbo haiwezi kununua, na hasa kutunza, mashine moja ya IRM katika hospitali ya umma, pamoja na fundi wake, umeme wake, na bei ambayo mwalimu wa shule ya msingi anaweza kulipa? Mashine bila fundi ni samani. Tumeshaona samani za kutosha.

Kwa upande wa kuzuia, tuko nyuma zaidi. Tangu 1991 utafiti mkubwa uliosimamiwa kutoka Uingereza ulionyesha kwamba asidi ya foliki, ikianzwa kabla ya mimba, inapunguza sana kurudi kwa mgongo wazi kwa wamama waliowahi kuzaa mtoto wa namna hiyo. Mgongo wa mtoto unafunga ndani ya siku 28 za kwanza. Mama anayekwenda konsultasio akiwa na miezi minne anapewa vidonge baada ya mlango kufungwa. Kwa hiyo mikrogramu 400 kila siku zinatakiwa zianze kabla, na njia ya kuwafikia wamama wote ni kuitia kwenye unga. Mwezi Mei 2023 mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzihimiza nchi zifanye hivyo. Kenya, Uganda na Tanzania zina sheria za kuongeza asidi hiyo kwenye unga wa viwandani. Sisi tunakula bukari kila siku, unga mwingi unapita Kasumbalesa kwenye malori, na hapo mpakani tunauliza kodi tu. Hatuulizi ndani yake mna nini. Lenga-lenga na maharagi vina foleti na tuvile, lakini peke yake havitoshi.

Ninaomba nini

Kwa wakunga na wauguzi wa maternite: geuzeni kila mtoto, tazameni mgongo, andikeni kwenye fishi yake. Kukiwa na alama ya juu, mpelekeni ekografi kabla ya miezi mitatu. Kazi hiyo ni ya dakika moja.

Kwa waganga wa sentre zetu: mtu mzima akirudi mara ya tatu kwa mkojo ule ule, msimwandikie antibiotiki ya nne kabla ya kumvua shati. Mnyenyekee mbele ya mgongo wake.

Kwa serikali ya jimbo na wabunge wetu: mwaka 2023 nchi ilianzisha uzazi wa bure, ikianzia Kinshasa. Mtazamo wa mgongo wa mtoto mchanga, na ekografi yake inapohitajika, viingie ndani ya bure hiyo hapa kwetu. Na IRM ya umma iwekwe kwenye bajeti ambayo wananchi wanaweza kuisoma.

Kwa kampuni za madini: mnaposaini daftari la ahadi na jamii, wakaaji wawaulize juu ya hospitali, nanyi mjibu kwa tarakimu.

Kwa wachungaji na watu wa maombi: ombeni, hakuna anayewazuia. Lakini msimwambie mgonjwa kwamba mkojo wake ni pepo. Mnamfunga mara ya pili.

Na kwako wewe msomaji, mwenye alama mgongoni uliyoificha tangu utoto, au mwenye kaka, shangazi, mpangaji anayenuka mkojo na unamkwepa: tarehe 25 Oktoba kila mwaka ni siku ya dunia ya mgongo wazi na vichwa vya maji. Usingoje tarehe hiyo. Nenda kwenye sentre ya karibu wiki hii, sema dalili zote bila haya, onyesha mgongo, na utamke lile jina kwa munganga: "moelle attachée". Akikwambia si hiyo, mwambie akueleze ni nini basi. Una haki ya jibu.

Kipindi chetu cha afya kitalizungumza jambo hili tena, na simu zitakuwa wazi. Asiyetaka kusema jina lake hatalazimishwa.